Kaburi la Mbao na Kitabu cha Mwalimu

Ninyi vijana wa Igoma mliokuja nyumbani kuazima jeneza, mliniuliza maswali mawili na mimi nikawajibu kwa kucheka tu. Mnisamehe. Sijawahi kuwa mwepesi wa kusema mbele za watu, tangu ujana wangu niko hivyo, na ndiyo maana miaka yote niliyofanya kazi ya filamu hamjauona uso wangu kwenye filamu hata moja. Kuandika nako naandika polepole, maana shule yangu iliishia darasa la saba. Lakini nikiandika hakuna anayenitazama mdomoni, kwa hiyo naona afadhali.

Swali la kwanza, mliuliza kama kitabu kizuri kinaweza kutoa filamu nzuri, kwa sababu kuna kitabu mnakipenda na mmeshaanza kugawana nafasi. La pili, mliuliza kwa nini ile filamu tuliyoitoa kwenye kitabu cha Mwalimu Magesa mwisho wake unakatika ghafla. Mmoja wenu, yule mrefu, akasema, "Mzee, pale betri iliisha?" Betri haikuisha. Nitawaeleza, ila mniache nifike kwa mwendo wangu.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza misiba. Filamu zetu mnazijua, ni chache zinazoisha bila mtu kuzikwa. Nilitumwa kutafuta makochi na mapazia pia, lakini jina langu lilijulikana kwa msiba. Mtu akitaka turubai, jeneza, msalaba, kaburi na akina mama wa kulia, aliambiwa, "Mtafute yule fundi asiyeongea."

Aliyenifundisha ni Fundi Ramadhani wa Nyakato. Karakana yake ilitoa vitanda, makabati na majeneza, na mchana majeneza aliyafunika shuka ili wateja wa vitanda wasiogope. Watu wa filamu walianza kuja kwake kuazima, yeye akanikabidhi kazi hiyo kwa sababu nilikuwa sibishani na mtu. Alinionyesha kwamba jeneza la mtu aliye hai linatobolewa matundu upande wa kichwa, chini, pasipoonekana. Kifuniko hakipigiliwi. Unapiga nyundo kwenye ubao mwingine pembeni, sauti inaingia kwenye kamera, na aliye ndani halali akiota msumari. Udongo wa kutupia uchekechwe kwanza. Ule mweusi wa kando ya ziwa msiutumie hata siku moja, unanata mkononi, na mfiwa anaonekana kama anakanda unga.

Msalaba nao una mambo yake. Jina liandikwe kwa mkaa, si kwa rangi, ili lifutike, na kabla ya kuliandika uzunguke mtaa mzima ukiuliza kama kuna mtu mwenye jina hilo. Kuna wakati hatukuuliza. Kesho yake mwenye bucha mmoja alikuja karakana amebeba msalaba wake begani, jasho linamtoka, akamwuliza Fundi Ramadhani, "Nimekufa lini?" Fundi akamkaribisha chai. Yule bwana aliinywa, lakini msalaba hakuuachia mpaka jina lilipofutwa mbele ya macho yake.

Siku hizi mnatundika kitambaa cha kijani ukutani, na makaburi mnayatengeneza ndani ya kompyuta. Siwalaumu. Mgongo wangu ungekuwa mzima leo kama sisi tungekuwa nacho. Lakini kitambaa hakiwezi kuwafundisha jambo nililolijua pale Buzuruga.

Tulikuwa tumepakia jeneza kwenye pikapu tunatoka Nyakato kuelekea mjini, jeneza tupu kabisa. Magari yakasimama hapo stendi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi akaweka sinia lake chini, akafanya ishara ya msalaba, akafumba macho, midomo ikawa inatembea. Alipomaliza akamsogelea dereva.

"Ni nani aliyetutoka, baba?"

"Hakuna mtu, mama. Hili ni la sinema."

Yule mama akalitazama lile jeneza. "Mimi nimeshamwombea," akasema. "Sasa sala yangu imekwenda kwa nani?"

Dereva akanitazama mimi, mimi nikatazama kamba za jeneza. Tangu siku ile jeneza langu halikupita barabarani bila shuka, na hilo mliloazima lina shuka lake, mlitumie.

Sasa nije kwa Mwalimu. Mwalimu Magesa alifundisha shule za msingi upande wa Mara, na alipostaafu akahamia Buzuruga kwa binti yake. Kitabu chake hakikuwa kinene. Watu waliazimana mpaka majalada yakatoka. Mimi nilikisoma masika nzima, ukurasa kwa ukurasa, na nilipofika sura ya mwisho niliweka randa chini nikatoka nje.

Ni habari ya mama ambaye mwanawe alizama ziwani na mwili haukuonekana. Watu wa ziwani mnajua kinachofanyika. Mwili usipopatikana, unakatwa mgomba, unafungwa nguo ya marehemu, unazikwa kwa jina lake ili wafiwa wapate kuinuka. Mama wa kwenye kitabu anakataa miaka mingi. Kila jioni anapakua chakula cha mwanawe kwenye sahani yake. Sura ya mwisho anakubali, mgomba unazikwa, na wakati udongo unaanguka Mwalimu anaandika yote yanayopita moyoni mwa yule mama, tangu siku alipomwachisha ziwa yule mtoto. Mama hasemi neno, na udongo unaanguka kurasa na kurasa.

Mwongozaji wetu alikuwa Deo, kijana mwenye juhudi na asiyependa kukaa. Mwalimu alikuja kila siku na kitabu chake mkononi, akaketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kamera. Mabishano yao yalikuwa hivi:

"Hapa nimeandika ziwa lilinyamaza wiki nzima," Mwalimu anasema.

"Mwalimu, nitalinyamazishaje? Unasikia injini hizo?"

"Msubiri."

"Wiki nzima?"

"Mimi nilisubiri zaidi ya hapo kuipata hiyo sentensi."

Deo aliondoka akaenda kurusha mawe majini. Lakini tulisubiri, na asubuhi moja ziwa likalala kimya kweli, tukalipata.

Mimi nilipewa kazi ya sahani. Nikamwendea Mwalimu, nikamwuliza ile sahani ya mtoto ilikuwa ya rangi gani. Akafungua kitabu, akatafuta, akafunga.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kuiona."

Mpaka leo nalikumbuka jibu lile. Mtu ameandika sahani kila jioni ya kitabu kizima na hajawahi kuiona. Wala hakuhitaji. Kila aliyesoma alikuwa na sahani yake, mimi yangu ilikuwa ya udongo, sijui kwa nini. Lakini kamera haipigi sahani ya kila mtu. Inapiga moja, na hiyo moja inabidi itoke kwenye kabati la mtu.

Tulikuwa tunapiga picha kwenye kijiji kimoja cha ziwani mbele ya Igoma, ukiiacha barabara ya Musoma unateremka kushoto. Nikazunguka kuuliza sahani ya zamani. Nyumba ya mwisho, karibu na mawe makubwa, nikamkuta mama mmoja anachambua dagaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa sinema?"

Nikamweleza shida yangu. Aliingia ndani akakawia, akatoka na sahani ya bati ya bluu iliyobanduka pembeni.

"Hii ni ya Bwire. Chukua, ila irudi."

Kila mtu pale kijijini alimwita Mama Bwire. Nikauliza, kwa adabu tu, kama Bwire hatakasirika. Ndipo akaniambia. Mtumbwi wa Bwire ulikutwa umepinduka. Wenzake walipatikana wakazikwa. Yeye hakuonekana. Mama aliomba azikiwe mgomba, lakini mwenye kauli ni shemeji yake, Mzee Masatu, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, na Mzee Masatu alikataa. Alisema huenda kijana alivuka yuko visiwani, ana mke, ipo siku atarudi. "Nikimzika naye yu hai," alisema mzee, "nitakuwa nimemuua mimi."

"Simlilii na simsubiri," Mama Bwire akaniambia. "Nimekaa hapo katikati. Wenzangu wakienda msibani mimi naogopa kulia, nisije nikaulizwa namlilia nani."

Nilimpelekea Mwalimu sahani. Aliishika akaigeuza mara mbili tatu.

"Siyo hii," akasema. "Lakini sasa ile nyingine siioni tena."

Bado lilikuwepo suala la kaburi. Mzee Masatu ndiye alikuwa mwenye lile eneo tulilopigia picha, na alipoona nimeshika sururu alinifuata.

"Mnataka kuchimba?"

"Kaburi la filamu, mzee."

"Kaburi likichimbwa hapa linazika kitu. Halifukiwi tupu."

"Tutazika mgomba, mzee, kama kwenye kitabu."

"Na mkishazika?"

Nikamweleza ukweli, kwamba filamu inapigwa mara nyingi, tutazika, tutatoa, tutazika tena, mpaka mwongozaji aridhike. Mzee akanitazama kama mtu aliyesema anakula mawe.

"Mtafukua?"

Nikaweka sururu chini. Hapo ndipo mafunzo ya Fundi Ramadhani yalipoingia. Kaburi la filamu linajengwa kwenda juu. Unaunda fremu ya mbao bila kuchimba ardhi, unazungushia viroba vya mchanga, unarundika udongo kwa nje mpaka mbao zipotee. Kamera ikikaa chini kidogo, anayetazama anaapa ni shimo. Nilipomaliza, Mzee Masatu alikuja na wenzake, akalizunguka, akaligonga kwa fimbo, likalia ko, ko. Wakacheka sana.

"Hili ni sanduku," akasema. "Zikeni mnavyotaka."

Akakubali hata kuigiza. Deo alimpenda kwa ule uso wake, akampa nafasi ya baba mkubwa wa marehemu, nami nikamvika koti jeusi kutoka kwenye mzigo wangu. Akina mama wa kijiji waliombwa waje kulia, na Mama Bwire alikuwa mmoja wao. Kabla hatujaanza alinivuta pembeni.

"Fundi, huo mgomba mkishamaliza mnautupa wapi?"

Nikamwambia popote, labda ng'ombe wale.

"Haya," akasema.

Mwigizaji wetu mkuu, dada wa mjini, alijitahidi. Alikuwa na hofu na kucha zake, lakini alipopiga magoti machozi yalimtoka vizuri. Akatupa udongo. Kwa mpango wetu akina mama wengine walitakiwa kufuata mmoja mmoja kimyakimya. Alipofika Mama Bwire hakuchukua udongo. Aliifungua kanga yake ya juu, akainama ndani ya fremu, akaufunika mgomba, akausokota ule upande wa juu kama unavyomfunga mtoto asipigwe na upepo. Kisha akaita.

"Bwire! Bwire wangu! Nenda baba, mimi nimekuona ukienda."

Kwenye kitabu kijana hakuitwa Bwire. Wale akina mama walilijua jina lile. Kilio kilichotoka hapo sikuwahi kukisikia kwenye kazi yangu, na mimi vilio nilikuwa nikivipanga. Mwigizaji wetu akaacha kuigiza, akakaa chini kwenye vumbi na kucha zake, akalia kama wengine. Mama Bwire akatupa udongo kwa mikono yote miwili mpaka kanga ikafunikwa.

"Kata!" Deo akasema. Macho yake yalikuwa mekundu naye. Akaja akachuchumaa mbele ya mama. "Mama yangu, umefanya vizuri kuliko sisi wote. Sasa tunarudia. Safari hii useme tu jina la kwenye kitabu."

"Mnarudia nini?"

"Mazishi, mama."

"Mtu anazikwa mara mbili?"

Deo hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Aliona ameishika filamu kubwa kwa ncha ya vidole, na jina tu ndilo linamponyoka. Akanigeukia. "Fundi, toa mgomba tupange upya."

Nikaingia kwenye fremu nikauondoa udongo, nikauinua mgomba. Ulikuwa mzito kwa ile kanga iliyoloa maji ya mgomba. Nikasimama nao mikononi.

"Fundi," Mama Bwire akasema, "unampeleka wapi?"

Nilikosa mahali pa kuuweka. Chini nilishindwa kuuweka, kwenye fremu nilishindwa kuurudisha. Watu wote walikuwa wananitazama, jambo ambalo nimelikimbia maisha yangu yote. Deo akamwita Mwalimu. "Waambie wewe, Mwalimu. Kitabu ni chako."

Mwalimu akainuka kwenye kiti chake.

"Yule wa kwenye kitabu nilimzika mara nyingi, Deo. Niliandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Hakuna mtu aliyeumia, maana hakuwepo." Akafunga kitabu akakitia kwapani. "Huyu mimi sithubutu kumrudia."

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lenu la kwanza ni hili. Kinaweza. Nimeona mahali ambapo filamu yetu iliusogelea ukurasa, kama asubuhi ile ya ziwa, na mahali ambapo ilisimama mbali, kama kwenye yale mawazo ya mama ambayo hakuna kamera inayoyafikia. Hayo waongozaji watawafundisha. Mimi najua la upande wangu tu. Anayeandika anaweza kuzika bila kuwa na ardhi. Ninyi mtahitaji ardhi ya mtu, sahani ya mtu, uso wa mtu na machozi yanayotoka kwenye macho yenye jina. Kwa hiyo msianze kwa kuuliza kama kitabu ni kizuri. Ulizeni mtaazima kwa nani, na kama hicho mnachoazima kinaweza kurudishwa. Kipo kisichorudi. Mkikifikia, kubalini filamu iwe fupi.

Jibu la swali la pili ndilo lililofuata.

Mzee Masatu alikuwa bado amekaa kwenye benchi la wafiwa. Akasimama. Akalivua koti jeusi nililompa, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye benchi, akabaki na shati lake la kila siku. Akaja mpaka mbele ya shemeji yake.

"Umemlilia kwa jina, shemeji."

"Nimemlilia."

"Na kama yu hai?"

"Akija yu hai tutachinja, shemeji, tufukue mgomba tuuchome, na mimi nitacheza ngoma nichekwe mimi kwa kukosa kukusikiliza. Lakini leo nimechoka."

Mzee alitazama ziwani. Sijui alikuwa anatazama nini, hapakuwa na mtumbwi.

"Basi si kwenye mbao za watu," akasema. Akanigeukia. "Fundi, mlete."

Akatangulia, na akina mama wakamfuata, na mimi katikati na ule mzigo. Niligeuka mara moja. Mpiga picha alikuwa ameinua kamera begani anamtazama Deo, anangoja aambiwe. Deo aliinua mkono, kisha akaushusha. Akaja mbio mpaka kwangu akashika upande wa miguu, tukaubeba wawili. Mwalimu alikuja nyuma yetu, mwigizaji wetu amemshika mkono. Kile kipande cha Mama Bwire akimwita mwanawe Deo hakukitia kwenye filamu. Mnachokiona ni udongo wa yule dada ukianguka, halafu ziwa, halafu majina yetu.

Makaburi ya ukoo wao yako nyuma ya nyumba ya Mama Bwire, kati ya mawe. Mzee Masatu alipima kwa hatua zake pembeni ya kaburi la mdogo wake, baba yake Bwire, akachora ardhi kwa fimbo, akanipa sururu. Ardhi ya pale ni ngumu, sururu ilikuwa inatoa cheche. Wanaume wa kijiji walinipokea, nikapumzika, nikapokea tena. Tulipofika magotini nikasimama nikautazama mgomba uliolazwa kwenye mkeka, nikaona panamtosha.

"Mzee," nikauliza, "tufikishe kina gani?"

Mzee Masatu hakuuangalia mgomba.

"Cha mtu," akasema.

Tukaendelea kuchimba.